Mama Loisi Alivyosema na Helikopta

Mama yangu, Loisi, alikuwa na sauti ya kurudisha ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Sisemi hivyo kumsifu. Sisi wanawe tulioishi na sauti hiyo ndani ya tembe la vyumba viwili tunajua masikio yetu yalivyopata shida. Kila asubuhi ya kiangazi alipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu pale Chisewa, kijiji kilichojibanza chini ya milima ya Chenene, kaskazini mwa Dodoma, na kila aliyewasha majani ovyo alipewa vipande vyake kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia za mbuzi wake. Wachoma mkaa walimkwepa. Warina asali walimkwepa zaidi, maana mienge yao ndiyo iliyouponza msitu mara nyingi. Basi mradi mmoja wa kulinda misitu ulipokuja kutafuta mtu wa kukaa kileleni na kuangalia moshi, kijiji hakikuhangaika na uchaguzi. Walimnyooshea mama kidole, wakacheka, wakarudi kwenye pombe yao ya mtama.

Ilikuwa 1988, enzi za ruksa. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, mitumba imejaa sokoni Majengo, na kila mtu alikuwa anasubiri kuona nini kingine kitaruhusiwa. Sisi tuliruhusiwa helikopta. Wafadhili walikodi moja kwa miezi ya ukame, ikapiga kambi Msalato, mahali ambapo wakati ule palikuwa na miiba, upepo na mimi. Mimi, Dorkasi, nilikuwa nawauzia watu wa kambi chai na maandazi. Mume wangu Stanley, fundi wa malori aliyeajiriwa kwa kuwa haogopi grisi wala kimo, ndiye aliyekaa kwenye mlango wa helikopta. Alikuwa kijana wa Mtumba. Siku hizi ukitaja Mtumba watu wanafikiria wizara na viyoyozi. Stanley alitoka Mtumba ya karanga na mbuzi.

Kisa chote kinaanzia hapo kwa Stanley. Sisi Wagogo tunaoshika mila, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na heshima hiyo inachosha watu, hasa aliye katikati. Aliye katikati ni mke. "Dorkasi, mwambie mumeo karanga zake zimefika." "Dorkasi, mwambie mama ahsante." Wako pande mbili za ukuta mmoja, wanasikiana hadi kikohozi, na mimi nazunguka mlango kupeleka ahsante.

Helikopta yenyewe, hiyo ya mwanzo, haikuwa na maajabu. Chini yake lilining'inia pipa la mafuta lililofungwa minyororo, lenye kifuniko cha bati kitakoni. Walilichovya kwenye bwawa la Hombolo, wakapaa nalo likipepesuka, na wakifika juu ya moto Stanley, amefungwa mkanda pale mlangoni miguu ikielea, alivuta kamba ili kifuniko kifunguke. Nusu ya maji ilichukuliwa na upepo njiani. Iliyobaki ilitosha moto kunawa mikono. Redio ya kuongea na watu wa chini hawakuwa nayo, kwa hiyo Bwana Cornel, afisa misitu aliyekuwa mkuu wa kambi, alimfundisha mama kutandaza vitambaa vyeupe kileleni, avipange kama mshale unaoelekea kwenye moshi.

"Nani atakayeviona?" mama akauliza.

"Rubani, mama. Na yule kijana wa mlangoni."

"Huyo wa mlangoni ni mkwe wangu. Unataka aone shuka ninazolalia?"

Bwana Cornel alidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Mama alikuwa mlezi wa kwaya ya kanisa letu la Anglikana, na kanzu nyeupe za kwaya zilikaa kwenye sanduku lake. Kuanzia siku hiyo kanzu hizo zikawa zinapanda kilima. Zilitandazwa juu ya mawe, mikono imenyooka, na kwa kiangazi kile chote moto wa Chenene ulielekezwa na sauti ya kwanza na sauti ya pili. Jumapili kwaya iliimba ikinuka moshi. Mchungaji hakusema kitu, maana shamba lake la mtama lilipakana na msitu.

Ila mama akishatandaza kanzu alikimbia kujificha nyuma ya jabali, khanga imefunika kichwa, asije akaonwa na mkwewe. Na Stanley naye, akikaribia kilima, aligeuza shingo upande wa pili kabisa, asije akamwona mama mkwe. Kwa hiyo alivuta kamba bila kutazama. Ndiyo maana, kama uliwahi kusikia habari za kiangazi kile, maji yaliangukia popote yalipopenda. Siku moja yalimwangukia fahali wa jirani ambaye hakuwa anaungua.

Kapteni Halfani, rubani, mtu wa Tanga mwenye maneno laini, aliuliza tukiwa tunakunywa chai: "Stanley, hivi shingo yako ina nini?"

"Mama mkwe, Kapteni."

"Kwani alikuwa wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana niligeuka."

Tulicheka mpaka chai ikatupalia. Lakini mama hakuwa anacheza pale juu, na hilo naomba lieleweke. Baba alipofariki, mama alibaki akiishi kwa hisani ya shemeji zake. Wapi alime, aliambiwa. Lini avune, aliambiwa. Mbuzi wake mwenyewe akitaka kumuuza, alisubiri kuambiwa. Kilimani hakuna aliyemwambia. Alinyoosha kanzu, na mashine kubwa vile ikageuka angani kwa neno lake. Nilikuwa nikienda kumtembelea namkuta anashuka jioni, uso una majivu na unang'aa kwa furaha, na nilijua kwamba siku mtu akimnyang'anya kilima kile atakuwa amemmaliza. Naye alijua.

Miaka ikasogea. Serikali ikaachia mambo mengi mikononi mwa watu binafsi, na kazi ya helikopta ikachukuliwa na kampuni moja ya kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo teknolojia ilipotushukia kwa kishindo. Pipa likatupwa. Mahali pake ukaja mfuko mkubwa wa turubai gumu unaokunjika, unaojaa maji kabla hujamaliza kupiga chafya, na unaofunguka kwa kubonyeza kitufe. Maji yakaanza kuanguka yote kwa pamoja na mahali pamoja. Kapteni Halfani alirudi kambini siku ya kwanza akitabasamu kama bwana harusi. Stanley alitolewa mlangoni, akakalishwa kiti cha mbele, akakabidhiwa kitufe. Akakabidhiwa na redio ya upepo vilevile, kwa sababu Kapteni anaendesha kwa mikono yote na miguu yote, na tena majina ya makorongo yetu yanamshinda mtu wa Tanga kuyatamka.

Redio nyingine, ya kushika mkononi, akapewa mama.

Bwana Cornel alipanda nayo kilima mwenyewe, akamwonyesha pa kubonyeza na pa kusikilizia. Haikupita muda ikasema: "Kilima, Kilima, unanisikia? Ova." Ilikuwa sauti ya Stanley, inatoka kiganjani mwa mama, karibu kabisa na shavu lake. Mama aliiweka juu ya jiwe, akajifunika khanga, akaipa mgongo. Bwana Cornel alipozidi kumsihi, mama akachukua ungo aliokuja nao wa kupepetea uwele, akaifunika redio.

"Mkwe wangu hawezi kuninong'oneza sikioni," akasema. "Akae humo kwanza."

Nyumbani kwangu nako hakukuwa na nafuu. Nilimwambia Stanley ajitahidi kuongea tu, dunia imebadilika. Macho yakamtoka. "Nimwambie mama yako 'ova'? Mtu mzima bado anaongea, mimi namwambia ova?"

Mama akavumbua njia yake. Asubuhi moja nikiwa natia sukari kwenye birika, redio ya kambi iliyokuwa mezani kwa Bwana Cornel ikalipuka: "Dorkasi! Dorkasi, uko hapo? Mwambie huyo moto uko korongo la juu, si la chini!" Nikaacha birika, nikashika redio. "Stanley, mama anasema moto uko korongo la juu." "Mwambie nimesikia." "Mama, anasema amesikia." Na Stanley alikuwa amesikia tangu mwanzo, kila neno, maana redio zote zilikuwa zinasikilizana. Lakini kwa adabu alikuwa hajasikia mpaka nimwambie mimi. Kapteni Halfani anazungusha mashine hewani, mafuta yanaungua, wote wanangoja muuza maandazi amalize kusema yale ambayo kila mtu ameshayasikia.

Tulikwenda hivyo kwa muda. Kisha siku moja nilikwenda kutafuta kuni. Mama akaniita, akaniita tena, na juu kule Stanley akazunguka na mfuko umejaa maji, amesikia vizuri moto ulipo, hana wa kumwambia kwamba amesikia. Niliporudi na mzigo wangu kichwani, mizinga ya nyuki ya watu wa Chisewa ilikuwa imeshateketea.

Bwana Cornel hakugomba. Afadhali angegomba. Alikwenda mpaka nyumbani kwa mama, akakaa kwenye kigoda, akaongea kwa upole huku nami nipo.

"Mama Loisi, nakuheshimu sana. Lakini kampuni wamesema, aliye kilimani aongee mwenyewe na walio ndani ya helikopta. Kama haiwezekani, wataleta kijana wa kidato cha nne kutoka mjini. Moto ujao nataka nikusikie wewe. Sitaki kumsikia Dorkasi."

Alipoondoka mama alikaa kimya kwa muda mrefu, na mama kukaa kimya ni jambo la kuita majirani.

"Dorkasi," akasema hatimaye, "niache kilima kwa sababu ya sauti ya mume wako?"

"Si uongee tu, mama. Hakuna atakayekuona."

"Nitajiona mwenyewe."

Nilimkasirikia, kusema kweli. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Stanley, nikaikasirikia na mila iliyofanya watu wawili ninaowapenda washindwe hata kuambiana kwamba nyumba inaungua. Nilirudi Msalato nikiwa nimenuna njia nzima. Kitumbua cha mama kilikuwa kinaingia mchanga, na mwenye kukitia mchanga ni heshima yake mwenyewe.

Moto wenyewe haukukawia. Ilikuwa Septemba, majani yamekauka mpaka yanalia ukiyakanyaga. Uliwaka upande wa pili wa mlima, ukavuka mgongo, kisha upepo ukageuka ghafla na kuanza kuusukuma uteremke Chisewa, kwenye vihenge vya mtama, kwenye shule, kwenye kanisa. Pale kambini Bwana Cornel aliweka mkono wake juu ya redio. "Leo wewe kaanga maandazi," akaniambia. Nikakaanga. Nikayaunguza yote.

"Kilima, Kilima," Stanley akaita. "Moshi ni mzito, hatuoni kitu. Tunaomba uelekeo. Ova."

Kimya.

"Kilima, tumemwaga mara ya kwanza. Umeona? Ova."

Kimya tena, na upepo unakoroma kwenye redio. Maana yake mama alikuwa amebonyeza. Alikuwa amebonyeza na hasemi. Nilimwona kama niko naye: anautazama moto wote, anaitazama nyumba yake pale chini, anaona maji yanavyomwagwa pasipostahili, na mdomo umefungwa.

"Kilima," Stanley akasema, na sauti ilikuwa imenyauka, haikuwa tena sauti ya kazi. "Kilima, tafadhali sana."

Ndipo redio ikalipuka.

"Wewe helikopta!"

Bwana Cornel aliruka kwenye kiti.

"Wewe helikopta, unanisikia? Nasema na wewe, sisemi na mtu! Mwambie huyo uliyembeba kwamba mnamwaga maji kwenye majivu. Moto umeshaingia korongo la mikuyu. Pita kulia kwa jabali jeusi, ushuke, halafu mwambie amwage pale mikuyu inapoanzia!"

"Kilima, hapa ni rubani," Kapteni Halfani akajibu kwa ule upole wake wa Tanga. "Shikamoo mama, nimekupata..."

"Nyamaza wewe, naongea na helikopta!"

Nilishika ukingo wa meza. Kama Stanley angejibu vibaya, kama angesema "sawa mama" au jambo lolote la kumwelekea, angemtia aibu na asingefungua mdomo tena.

"Redio," Stanley akasema polepole, "mwambie mwenye kilima kwamba helikopta imesikia. Inageuka."

Machozi yalinitoka pale pale, nayafuta kwa mkono wenye unga. Wazee wetu walikuwa nayo njia hiyo: ukikosa mtu wa kumtuma kwa mkweo, unamtuma mbwa, au jembe, au kinu, alimradi maneno yasitoke kwako yakamgonga usoni. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba helikopta nayo inatumika.

"Helikopta, mwambie asogee. Bado. Mwambie asiwe na haraka. Bado... Sasa!"

Kikafuata kigelegele ambacho redio ya kambi haikukiweza, ikabaki inakwaruza. Walikwenda Hombolo na kurudi, wakaenda na kurudi tena, mama anaituma helikopta, Stanley anaituma redio, na Kapteni Halfani, nahodha wa chombo chenyewe, haruhusiwi kuchangia. Jioni moto ulikuwa umezimwa korongoni. Haukugusa hata kihenge kimoja.

Bwana Cornel alikaa ameshika kichwa. "Hii sikufundishwa chuoni," akasema. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Akaomba andazi, nikampa lililoungua, akala bila kuliona. "Kwa hiyo Dorkasi, kuongea na helikopta mama anaruhusiwa?"

"Helikopta haijaoa kwetu," nikamwambia.

Kijana wa kidato cha nne hakuja. Mama akabaki na kilima chake, na kanzu zikarudi sandukuni zikafuliwa. Na mambo yakanoga kuliko nilivyotaka. Maana mtu akishapata njia ya kupitisha maneno hatakomea kwenye moto. Mwanzoni ilikuwa moshi na upepo tu. Baadaye ikawa: "Helikopta, muulize huyo kama kikohozi chake kimepona." "Redio, mwambie mwenye kilima kimepona, na ule mlenda aliotuma ulikuwa mzuri." Watu ambao hawajawahi kutazamana wakawa wanapiga soga angani kiangazi kizima. Mimi sikutumwa tena kitu. Nikitoka kambini narudi nyumbani nakuta Stanley anajua habari za kwetu kuliko mimi.

Siku moja mama akavuka mpaka. Nilikuwa nimemdokezea yeye peke yake, kwa siri, kwamba nina mimba, nikiwaza namna nzuri ya kumwambia mume wangu. Kesho yake asubuhi, mbele ya kambi nzima, redio ikatangaza: "Helikopta, mwambie huyo apunguze kupaa juu sana, ana mtoto anakuja!" Kapteni Halfani aliinamisha mashine karibu itupe mfuko. "Hongera, Stanley!" akapiga kelele, na fundi wa mafuta akaja kunipa mkono nikiwa na mwiko. Sikuongea na mama wiki nzima. Mtoto alipozaliwa tulimwita Ruthu, na mama alimtangaza vilevile.

Baada ya hapo vifaa vikawa vinakuja kila kiangazi. Kilikuja cha GPS, kiboksi kidogo kinachoambiwa namba na kumpeleka Kapteni moja kwa moja hata kwenye moshi. Mama alikisifia. Kisha mfuko nao ukaondolewa, ikaja helikopta yenye tangi tumboni na mpira mnene unaonyonya maji kama ng'ombe mwenye kiu. Moto uliokuwa ukiwasumbua tangu asubuhi hadi jioni sasa unazimwa kabla chai haijapoa. Msitu ulianza kuota mahali ambapo mimi nikiwa msichana nilikuta mawe matupu. Sina ugomvi na vifaa. Mtu akiniambia zamani ilikuwa bora, nitamwonyesha miti.

Mwaka 2002 ikaja setilaiti. Bwana Cornel, ambaye mvi zilikuwa zimemwanza, alihamia ofisini mjini, na kwenye kompyuta yake picha ya Chenene ilikuja na vidoa vyekundu kila palipo na joto. Alimleta mama ofisini kwa gari aione, jambo ambalo mwingine asingelifanya. Mama alivaa khanga mpya. Alikitazama kidoa, akauliza ni wapi, akaambiwa, akasema leo asubuhi hakuona moshi upande huo. Walituma helikopta. Moto ulikuwepo, mdogo, nyuma ya mgongo wa mlima ambako hata awe na macho ya mwewe asingeona.

"Kinaona kuliko mimi hiki chombo," mama akasema. "Na hakiombi uji."

Alisema hivyo akicheka, na Bwana Cornel akacheka, na safari ya kurudi Chisewa hakucheka hata mara moja. Kampuni ilimuaga vizuri, kwa hotuba na blanketi. Helikopta ikapewa njia kutoka mjini, haikuhitaji tena mtu wa kilimani, wala mtu wa kujua majina ya makorongo. Stanley akawekwa karakana, akawa fundi mkuu. Ni cheo. Alirudi nyumbani na mikono misafi na uso uliopooza.

Nilidhani mama analilia kilima. Alikililia, lakini si hivyo tu, na mimi niliyekaa katikati yao muda wote nilichelewa kuelewa. Nikienda kumtembelea anaanza: "Yule wa kwenu... basi, hamna kitu." Nikirudi mjini Stanley anauliza: "Kule kwenu wazima?" Namwambia wazima. Anakaa. "Wazima wote?" Wote. Anakaa tena, kisha anakwenda kutengeneza redio ambayo haijaharibika. Nikawaambia kila mmoja kwa wakati wake, kama una la kusema nitume, si ndiyo kazi yangu? Mama akasema halina uzito wa kumtuma mtu. Stanley akasema vilevile, karibu kwa maneno yale yale. Ya kutuma mtu hayakuwa hayo. Yalikuwa maneno madogo madogo, ya mlenda na kikohozi, na yalikosa pa kupita. Niliwahurumia mpaka nikakereka.

Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia Dodoma, na mwishowe minara ikafika na upande wetu. Stanley alininunulia yangu. Kiangazi kimoja nikaenda Chisewa na Ruthu, na simu ikaita nikiwa nyuma ya zizi, mahali pekee mtandao uliposhika. Mama alikuwa karibu nami anapukuchua karanga.

"Mmefika salama?" Stanley akauliza.

"Tumefika."

"Ruthu?"

"Anakimbiza kuku."

Nilisikia vyuma vya karakana vinagongana nyuma yake.

"Mama yupo hapo?"

"Yupo. Nimwambie nini?"

"Hapana," akasema. "Usimwambie kitu. Mpe."

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji ya Hombolo. Kisha nikamnyooshea mama simu, nikamwambia ni huyo. Mama aliacha karanga. Akaitazama simu, akatazama huku na huku, mbwa hayupo, kinu kiko ndani, angani ni kweupe tupu. Nikadhani ataifunika. Akafuta mikono kwenye khanga, taratibu, akaipokea, akaiweka sikioni na kugeukia ukuta wa zizi.

Sauti ya Stanley niliisikia kutoka pale nilipo, kwa jinsi alivyojikaza kuitoa.

"Shikamoo, mama."

Mama alifumba macho.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akaongeza kwa ile sauti yake ya kuitia ng'ombe, mpaka kuku wa Ruthu wakatawanyika: "Mbona umekonda sauti? Hawakupi chakula huko?"

Hawajatazamana hadi leo, na Stanley akija Chisewa bado anapita njia ya nyuma. Siku ile waliongea mpaka vocha ikaisha. Nami nilibaki nimeegemea miti ya zizi, mikono mitupu, sina neno la mtu la kupeleka popote.